Udi Ndani ya Eda

Jino la mbele la Thuwaiba lilitolewa na kaka yake wa tumbo moja, mchana kweupe, katika uchochoro wa Langoni pale Amu, watu wakitoka kuswali adhuhuri. Kaka huyo, Abubakr, hakutumia ngumi. Alitumia kufuli ya mlango, ile aliyoishika mkononi kwa ajili ya kumfungia nje. Kisha akalitoa godoro la dada yake, akalimwagia mafuta ya taa na kulichoma hapo hapo, na moshi ulipowaingilia majirani, majirani wakafunga madirisha. Ndio msaada alioupata siku ile.

Kosa la Thuwaiba lilikuwa kuonekana akitoka chumba cha nyuma cha kliniki, chumba ambacho mji mzima unakijua na mji mzima unajifanya haukijui. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka eda ya mumewe Alwi, ambaye hakumwachia mtoto wala nyumba, alimwachia virusi. Alilala usiku huo kwenye baraza la watu, mdomo umevimba, na alfajiri mwenye baraza akammwagia maji ya kuoshea samaki ili aondoke.

Anayetaka kumwonea huruma Thuwaiba na asome habari za mtu mwingine. Yeye mwenyewe hakujionea. Alimeza dawa, akanenepa, akanunua jino la bandia, na miaka ikapita mpaka kliniki ile ile ikamchukua kazi. Wanamwita mama mshauri. Kazi yenyewe ni kuwafuata walioacha dawa, na kuwapelekea wale wasioweza kuzijia, kutoka Amu mpaka kisiwa cha Pate na mpaka Kiwayu kule juu. Mtu mwenye virusi humwelewa mwenzake upesi kuliko daktari yeyote, ndiyo maana kliniki huwaajiri watu kama yeye.

Lakini utaingiaje nyumba ya watu Pate, ukajitambulisha kuwa umetoka kliniki ile? Huingii. Ukiingia, hutoki na meno. Thuwaiba alilijua hilo mapema, akajifanyia njia yake. Akawa muuza manukato. Alibeba kikapu kilichojaa udi, mafuta ya halud, maji ya mawardi na vikuba vya asumini vilivyofungwa asubuhi ile, na hakuna mlango wa mwanamke uliofungwa mbele ya kikapu kile. Wake wa watu walimsubiri kwa hamu. Aliuza kwelikweli, na chini ya bidhaa, vimefungwa kitambaa visigongane vikapiga kelele, vilikaa vidonge.

Sista Rosebella, muuguzi wa kliniki, mtu wa bara mwenye sauti ya kuamrisha, alimwambia zaidi ya mara moja kwamba kazi ya afya haifanywi kwa hila. Thuwaiba alimjibu kuwa siku Sista atakapokwenda Pate na shati lake jeupe akarudi na meno yote, siku hiyo watazungumza.

Sasa katika kijiji kimoja cha Pate, ambacho hakuna haja ya kukitaja maana kina watu wema pia, alikuwako Huwaida. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, mama wa mtoto mchanga wa kike, Iman. Mumewe Adnan alipimwa pamoja naye Amu, wote wakakutwa na virusi. Huwaida akaanza dawa siku ile ile. Adnan akazitupa baharini kabla boti haijafika gati la Mtangawanda, akamwambia mkewe kuwa akifungua mdomo atamuua. Alikufa yeye, kwa kifua, mtoto hajatimiza miezi mitatu. Matangani, mbele ya watu, mdogo wake Mselem alisimama akaapa: kama kuna aliyemletea ndugu yake maradhi yale, kwa uchawi au kwa mwili, atamchinja kwa mkono wake. Mselem ni mzamiaji wa kamba. Ana mikono ya kuvunja mawe ya bahari, na watu walimwamini.

Basi Huwaida akaingia eda katika nyumba ya mamamkwe wake, Bi Mwana, miezi minne na siku kumi za kukaa ndani, bila kutoka, bila wanja, bila hina, bila harufu nzuri mwilini. Ruhusa ya kwenda kliniki angeipata kwa sharti la kusema anaumwa nini. Na asipomeza vidonge, virusi vilivyolala vingeamka na kumfikia Iman kwa maziwa. Na vidonge vikionekana, Mselem angemchukua mtoto na kumfanyia mama kile alichoapa. Hakuwa na mlango wa tatu.

Thuwaiba akampelekea. Akavitia vidonge ndani ya kopo la udi, akavifunika kwa vipande vya udi vyenyewe, Huwaida akalificha kopo katika sanduku la kanga zake. Mwezi wa kwanza hivyo, mwezi wa pili hivyo.

Mtoto yeyote wa Amu angekwambia palipo kosa. Mwanamke wa eda na udi hawakai chumba kimoja. Thuwaiba mwenyewe aliwahi kukaa eda, akanuka jasho lake miezi minne kama wenzake wote. Lakini alishauzoea ujanja wake kupita kiasi. Machoni mwake udi ule haukuwa udi tena, ulikuwa kifuniko cha dawa, na kifuniko hakinuki. Mtu hufanya kazi moja miaka mingi mpaka akaacha kuiona, na siku akiacha kuiona, kazi humlipa.

Udi ukaingia kwenye kanga. Alfajiri moja, Bi Mwana na mkwe wake wamesimama bega kwa bega wakiswali, mama mtu mzima akavuta pumzi na swala ikamtoka kichwani. Mjane wa mwanawe ananukia kama bibi harusi. Siku ile alinyamaza. Ya pili ananukia. Ya tatu akamwita Mselem. Mselem akaunganisha mambo: muuza manukato anaingia humu kila mwezi, na mjane anajifukiza ndani ya eda ya ndugu yake, kaburi halijakauka. Mwanamke hajifukizi kwa ajili ya ukuta. Kuna mwanamume.

Thuwaiba alifika mwezi wa tatu bila kujua lolote. Alishuka Mtangawanda, akapanda bodaboda, akabisha hodi kama kawaida yake, mlango ukafunguliwa upesi kuliko kawaida na kufungwa nyuma yake kwa komeo.

Huwaida alikuwa chini uani, karibu na kinu. Jicho moja lilikuwa limefunga kabisa. Nywele zilikuwa wazi, na upande wa kushoto wa kichwa hapakuwa na nywele, palikuwa na damu. Bi Mwana alikaa kwenye kigoda, Iman mapajani mwake, mtoto analia naye hamtazami. Mselem alisimama katikati na bakora ya marehemu baba yake.

"Karibu, Bi Thuwaiba," akasema. "Yeo utanambia weye, maana huyu yuwakataa kusema. Ni nani huyo mume yuwakutuma kwa mke wa ndugu yangu?"

Kitu cha kwanza alichokihisi Thuwaiba kilikuwa raha. Ni aibu kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa. Wanatafuta mwanamume. Hawajui. Karibu acheke.

"Hakuna mume," akasema. "Wallahi hakuna."

Bakora ikamshukia shingoni. Akaenda chini na kikapu chake, chupa za halud zikapasuka juu ya sakafu, na uani pote pakajaa harufu ya harusi. Mselem akamkanyaga mkono, akamuuliza tena, akampiga teke la mbavu kabla hajajibu. Halafu akamgeukia Huwaida, akamwinua kwa nywele zilizobaki.

"Kanga zako zanuka udi kwa sababu gani? Sema, au nikutoe hilo jito la pili."

"Sanduku," akasema Bi Mwana kwa sauti ndogo. "Tizama kwenye sanduku lake, mwanangu."

Mselem akaingia chumbani. Walisikia sanduku likipinduliwa. Alipotoka alikuwa na kopo mkononi, akalimimina juu ya mkeka: vipande vya udi, kitambaa, na ndani ya kitambaa, vidonge vyeupe vilivyobaki vya mwezi.

"Na hizi?" akasema Mselem polepole. "Hizi ndizo mulizomuulia Adnan?"

Huwaida akafungua mdomo. Thuwaiba aliiona ile midomo iliyopasuka ikiunda neno, na akajua neno lenyewe. Mtu akipigwa vya kutosha husema kweli ili apumzike. Sentensi moja tu, na mtoto hana mama.

"Zangu," akasema Thuwaiba.

Akajiinua akakaa. Damu ilikuwa ikimtoka sikioni. Akaliondoa buibui usoni ili wamwone vizuri.

"Si sumu, Mselem. Nina ukimwi. Mwaka wa kumi na mbili huu, na hivi ndivyo vidonge vyangu. Nikiya huku hupita mpaka Kiwayu, na sitaki kwenda navyo vyote, wake wa watu hunipekua kikapu. Nalimpa huyu aniwekee kopo, nikamwambia ni udi wa biashara. Hayui kilichomo. Yu katika eda, nikayua kopo la udi hatalifungua."

Ulikuwa uongo mzuri sana. Alijishangaa mwenyewe. Ulieleza udi, ukaeleza vidonge, ukamtoa Huwaida akiwa safi pande zote mbili, na kosa lake mwenyewe likageuka ushahidi wa ucha Mungu wa mjane. Aliyechafuka ni mmoja tu.

Bi Mwana alikuwa akinunua halud kwake miaka mitano. Kila mara Thuwaiba alimpaka kwa kidole chake, hapa na hapa, chini ya masikio, wakicheka. Sasa mama mtu mzima akamweka mtoto chini, akainuka, akachota mchanga wa pembeni mwa ua, akajisugua shingo kwa mchanga na maji, akarudia, akarudia tena, kama aliyelambwa na mbwa. Thuwaiba angependelea bakora.

Nayo ilikuja. Mselem alikuwa amempiga mke wa marehemu ndugu yake ndani ya eda kwa uzinzi ambao haukuwepo, na mtu kama yeye akishajua kuwa amekosea hafanyi toba papo hapo, hutafuta kwanza wa kumbebesha. Alimpiga Thuwaiba mgongoni, mapajani, kichwani. Bakora ilipokatika akampiga kwa kipande kilichobaki. Alipokichoka akakitupa.

"Na huyu," akasema Bi Mwana, maji bado yanamtiririka kifuani, akimwonyesha Huwaida kwa kidevu. "Kama kweli halikuwa likimuhusu, kalala na kopo la najisi katika nguo zake na mtoto ubavuni. Mbona hana hasira?"

Mselem akamtazama shemeji yake. Akainama, akauchukua mchi uliokuwa kinuni, mchi wa mti mzito wa kutwangia, akamtia mikononi.

"Mpige," akasema. "Nione kama hukuyua."

Huwaida akasimama na ule mchi. Thuwaiba alimwona kwa jicho moja, la pili lilikuwa limejaa damu. Alimwona anataka kuutupa chini. Akampepesea jicho lile, na kwa midomo bila sauti akamwambia: piga.

Huwaida akapiga. Lilikuwa pigo la bega, la mtu aliyefumba macho, lilimwangusha Thuwaiba ubavu lakini halikumvunja kitu. Ilitosha. Mselem alikwisha kuridhika, alikwisha kugeuza mgongo. Ndipo Huwaida akauinua mchi mara ya pili, juu kabisa ya kichwa, macho yamefunguka, akaushusha kwenye mkono wa kushoto wa Thuwaiba kwa nguvu zake zote. Mfupa ulisikika. Thuwaiba alipiga ukelele ambao watu wa nyumba ya tatu waliusikia.

Vidonge vilitiwa chooni. Yeye alitupwa nje.

Mwenye bodaboda alikataa kumpakia. Habari ilishamfikia, sijui kwa mbawa gani. Akatembea mpaka Mtangawanda, mkono ameufunga kwa mtandio, na vijana wakimfuata nyuma wakimrushia makombe ya baharini na kumwita kwa jina la ugonjwa. Kombe moja lilimpasua kisogo. Gatini, nahodha alimwambia akae mbele peke yake, na mwanamke mmoja ambaye Thuwaiba aliwahi kumuuzia vikuba vya harusi ya binti yake alitema mate, upepo ukayarudisha, yakawaangukia wote wawili.

Hospitali walimfunga plasta. Sista Rosebella alisimama kando ya kitanda akitweta kwa hasira.

"Tunaenda polisi leo. Huyu mtu nitamfunga mimi mwenyewe."

"Ukienda polisi wataniuliza nilifuata nini nyumba ile," akasema Thuwaiba. "Nitajibu nini? Wataandika, na kinachoandikwa kule hufika Pate kabla yangu."

"Kwa hiyo anapona hivi hivi?"

"Yule msichana hana dawa, Sista. Ananyonyesha. Hasira zako tutazitumia baadaye."

Wiki ile ile boti ya chanjo za watoto ilikwenda Pate, na ndani yake, shati jeupe na yote, alikuwamo Sista Rosebella. Muuguzi wa chanjo huingia kila nyumba yenye mtoto bila kuulizwa. Bi Mwana mwenyewe alimpokea Iman kutoka kwa mamake, akampakata achomwe sindano, na Sista akasema mama naye lazima apimwe presha faragha. Vidonge viliingia kifuani mwa Huwaida katika chumba kisichonuka chochote. Rosebella alirudi na meno yote, na hakumkumbusha Thuwaiba, jambo ambalo Thuwaiba alilihesabu kuwa fadhila kubwa.

Biashara ya manukato ilikufa siku ile ile ya Pate. Nani atanunua halud kutoka kidole kile? Amu nako habari ilifika, mwenye nyumba akamtolea vyombo, na mtu fulani akarusha jiwe lililompata mgongoni alipokuwa akivikusanya. Alihamia chumba nyuma ya kliniki. Mkono uliunga vibaya, ukapinda kama mpini wa kata, na vidole viwili havikushika kitu tena. Akapewa kazi ya kukaa ndani, kuwafungia watu dawa na kuongoza kikao cha kina mama.

Katika miezi ile alifanya jambo moja kwa siri: alijiandalia msamaha. Alikuwa akiupanga kila siku kabla ya kulala. Huwaida angekuja akilia, angemshika miguu, naye angemwinua na kumwambia mwanangu, ulilazimishwa. Aliuandaa vizuri. Lile pigo la pili tu ndilo lililomsumbua. Kila alipofika hapo msamaha ulikwama, akaanza upya.

Eda ikaisha. Huwaida akaja Amu na mtoto mgongoni, kwa kisingizio cha kuchukua cheti cha kuzaliwa. Jicho lilikuwa limepona, ila nyusi ilikatwa na kovu. Rosebella aliwapa majibu ya damu: Iman hana virusi. Huwaida akamshukuru Mungu, akambusu mtoto, akaja dirishani kwa Thuwaiba kuchukua dawa. Chumba kilikuwa na wao wawili tu na mtoto.

Walisalimiana. Kisha Thuwaiba akangoja. Alingoja kilio, alingoja kushikwa miguu. Huwaida alisimama tu, ametulia, anangoja naye, kama mteja yeyote.

"La kwanza nalikwambia upige," akasema Thuwaiba mwishowe, na sauti ikamtoka kali kuliko alivyokusudia. "La pili je? Mselem alikwisha kugeuka. Hakuna aliyekulazimisha."

"Hakuna," akasema Huwaida.

"Basi?"

"La pili lalikuwa langu." Hakuinamisha uso. "Yana yake yote nalipigwa, na asubuhi yote kabla hujaya, na nalikuwa siyui napigwa kwa nini. Udi. Mimi nalikuwa na miaka kumi na saba naolewa, nalikuwa mtoto. Weye mtu mzima, umefiwa, umekaa eda kama mimi, ukaniletea udi ndani ya eda. Ukaona hiyo ni akili. Nywele hizi hazioti tena, Bi Thuwaiba."

"Nimebeba ukimwi wako mbele ya watu."

"Umebeba. Na nakuombea kwa hilo kila swala. Lakini sikuya kukuomba radhi kwa lile pigo. Nimekuya kutukua dawa."

Thuwaiba alihisi hasira ikimpanda mpaka kwenye masikio, hasira ya kutaka kumrukia. Akautafuta msamaha wake alioupanga miezi yote ile na akaona hauna wa kumpa. Aliyehitaji kusamehewa pale hakuwa Huwaida peke yake, alikuwa na yeye mwenyewe, na hilo lilimuuma kuliko mfupa. Akashusha chupa ya vidonge kutoka rafu, akaiweka mezani, akajaribu kuifungua avihesabu. Kifuniko ni kile cha kukandamiza na kuzungusha kwa pamoja, kinataka mikono miwili. Mkono uliopinda ukateleza. Akajaribu tena ukateleza.

Huwaida alitazama kidogo, kisha akanyoosha mkono dirishani, akaishika chupa kwa chini, akaikaza. Thuwaiba akakandamiza, akazungusha, ikafunguka.